Vidonda na Jitimai: Kumbukumbu za Lubondja

Wagonjwa waliofika asubuhi baada ya usiku wa risasi hawakuwa wote wamejeruhiwa. Wachache waliletwa juu ya kipoyi, na hao kazi yao ilijulikana mara moja. Lakini walio wengi walikuja kwa miguu yao wenyewe, pasipo hata mkwaruzo, na kila mmoja alikuwa na mahali pa kuonyesha: huyu kifua chambana, yule tumbo lamkata tangu usiku wa manane, mwingine mgongo umekaza hata hawezi kuinama, na akina mama wanyonyeshao wakasema kwamba maziwa yamekatika na mtoto hanyamazi. Nimeyaona hayo mara nyingi Lubondja, katika miaka yangu ya kufunga vidonda na kugawa dawa, nami nayaandika kwa sababu naamini kwamba jambo lililo wazi kwa kila mama wa Kibembe anayeuguza mtoto wake bado halijapewa nafasi yake katika vituo vyetu vya tiba, nalo ni kwamba mwili uliolemewa na hofu na jitimai huugua maradhi ya kweli, na ukiisha kuugua huchelewa kupona.

Kwa msomaji asiyeijua nchi yetu, Lubondja imo katika wilaya ya Fizi, jimbo la Kivu ya Kusini, upande wa bara ukitoka Baraka iliyo ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Watu wake hulima muhogo na karanga, hukamua mawese, na ndakala wakavu wa ziwani huwafikia vichwani mwa wachuuzi na juu ya pikipiki, barabara inapopitika. Ni nchi iliyozoea vita kuliko inavyostahili nchi yoyote: uasi wa mwaka 1964 ulipita kwetu, Che Guevara alikaa katika milima ya Fizi kwa miezi kadhaa ya mwaka 1965, Laurent-Désiré Kabila akaifanya milima hiyo hiyo ngome yake kwa miaka mingi baadaye, kisha ikaja vita ya Oktoba 1996, iliyowasukuma watu makumi ya maelfu kuvuka ziwa kwa mitumbwi na mashua mpaka Kigoma. Mimi nilikuwa miongoni mwao, kijana ambaye masomo yake yalikatikia njiani, nikakaa katika kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka huo huo huko Kasulu, na ndiko nilikofunzwa kufunga vidonda na muuguzi mmoja wa Kitanzania, mwenyeji wa Tanga, ambaye pamoja na kazi hiyo alinisahihisha Kiswahili changu bila kuchoka. Meli za kuwarudisha wakimbizi zilianza safari baina ya Kigoma na Baraka mwaka 2005, na katika miaka iliyofuata nami nikarudi kwetu na ufundi wangu.

Mama yule wa Tanga alikuwa na kanuni moja ambayo hakuiandika ukutani wala hakuitolea hotuba. “Mwanangu,” aliniambia, “usianze na kidonda. Anza na mkono.” Alitaka nimshike mgonjwa kifundo cha mkono, nihesabu mapigo ya mshipa, na papo hapo nimwulize habari za nyumbani kwa sauti ya mtu asiye na haraka: umelalaje, unakula na nani, maji anakutekea nani, watoto wako wapi. Mwanzoni nilidhani ni adabu tu za watu wa pwani, ambao hawaanzi jambo pasipo kuulizana hali. Haukupita muda nikaona muradi wake, kwa kuwa mshipa uliokuwa ukienda taratibu ulikuwa ukirukaruka chini ya kidole changu tulipofika kwenye swali fulani, hata kama mdomo wa mgonjwa ulijibu kwamba hakuna neno, na hapo nilijua kuwa kidonda kile kina mwenziwe asiyeonekana.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba tabibu mkubwa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ameeleza katika Al-Qanun njia ya kumgundua mtu aliyedhoofishwa na mapenzi ilhali amficha ampendaye: tabibu amshike mshipa, ataje majina na mahali moja baada ya jingine, na jina litakaloubadili mshipa ndilo lenye siri ya maradhi. Na kabla yake Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alitunga kitabu kizima kinachoiweka siha ya mwili na siha ya nafsi katika jalada moja, akawalaumu matabibu wa zama zake walioutibu mwili na kuiacha nafsi. Basi asidhani mtu kwamba fikira hizi zimeletwa kwetu juzi na magari ya mashirika. Ni ilimu kongwe, iliyosahauliwa na watu wenye haraka.

Nitaeleza habari za mama mmoja, na jina lake nalihifadhi. Siku ya mapigano alikuwa akichemsha mawese, watu wakaanza kukimbia, sufuria ikapinduka, mafuta yakamwunguza muundi kutoka chini ya goti mpaka karibu na kifundo cha mguu. Alijificha porini pamoja na dada yake na watoto watatu, na alipofika kwetu kidonda kilikuwa kimeingia uchafu na kinanuka. Tulikiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa, tukaondoa ngozi iliyokufa, tukampa vidonge vya kuua vijidudu na sindano ya pepopunda. Usaha ukaisha, harufu ikaondoka, homa ikashuka, nasi tukatazamia kwamba yaliyobaki ni kazi ya siku. Lakini siku zilipita na kidonda kikabaki vile vile, kisafi, kimya, wazi.

Kazi yetu ya kupima vidonda ilikuwa ya kimaskini na ya kuaminika. Tulichukua mfuko wa seramu uliokwisha, tukaukata, tukauosha, tukauweka ule upande laini juu ya kidonda, na kwa kalamu tukafuata ukingo wake pole pole. Kisha karatasi ile ya nailoni tukaiandika tarehe na kuihifadhi pamoja na kadi ya mgonjwa. Za mama huyu nilizipanga moja juu ya nyingine, nikaziinua kwenye mwanga wa dirisha, na mistari yote ilipita njia moja, wino juu ya wino. Nyama ya ndani ilikuwa ya rangi iliyofifia, wala haikuwa na ule wekundu wenye vipunje ambao kila mfunga vidonda hufurahi kuuona. Chakula alikuwa nacho, maana dada yake alimpikia bugali na sombe kila jioni, ila aliumega mara mbili akawasogezea watoto. Usiku hakulala, alikaa ameuelekea mlango, na pikipiki ikipita barabarani, kidole changu kikiwa juu ya mshipa wake, niliweza kuhesabu mapigo yakipanda kabla hajasema neno.

Nilimwuliza watoto wako wapi, mama. Akawaonyesha wale watatu. Nikanyamaza nikiendelea kumshika mkono, na baada ya kitambo akasema: “Wa nne sijui kama ni wa maji au wa nchi.” Mtoto wake wa kiume alikimbia siku ile pamoja na jirani zao kuelekea Baraka, na jirani wale walipanda mashua; na kwa mtu wa Fizi, anayejua ni mashua ngapi zilizojaa kupita kiasi ambazo ziwa limezimeza, habari ya kupanda mashua si habari ya kufika.

Kisha siku moja ujumbe uliletwa na vijana wa Msalaba Mwekundu, kwenye ile karatasi yao ambayo jamaa waliotawanyika huandikiana habari za nyumbani. Mtoto alikuwa Nyarugusu. Nilimsomea mimi mwenyewe, kwa kuwa hakujua kusoma: yuko kwa jirani, amepewa blanketi, anasoma, mwalimu wake ni Fulani, na je, mbuzi amezaa? Mama hakulia. Alitaka nimsomee tena ile sehemu ya mwalimu, kisha akaomba maji, akanywa, akala, akalala mpaka siku ya pili jua lilipopanda, hata dada yake akaja kuniita akidhani amezimia. Juma lililofuata nilipoweka nailoni juu ya kidonda mstari mpya ulipita ndani ya ule wa zamani kwa upana wa ukucha, na uliofuata ulipita ndani zaidi, na nyama ikawa nyekundu; akaendelea hivyo mpaka ngozi ilipokutana.

Yupo atakayesema kwamba mgonjwa mmoja si ushahidi, na kwamba yamkini kidonda kile kilikuwa kimefikia siku yake ya kufumba, karatasi ije isije. Nakubali kuwa hoja hiyo ina haki yake. Wala sisemi kwamba maneno ya mtoto yaliufunika muundi wa mama yake ngozi. Ninalosema ni kwamba mtu aliyelala usiku kucha, aliyekula shibe yake, ambaye moyo wake hauruki kwa kila mlio wa pikipiki, ana mwili mwingine na ule aliokuja nao. Na hili halikuachiwa macho ya mfunga vidonda wa Lubondja peke yake. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State, nchini Marekani, walichapisha katika jarida la Lancet habari za wanawake 13 waliokuwa wakiuguza jamaa zao waliopotewa na kumbukumbu kwa maradhi ya uzeeni, wakawalinganisha na wanawake 13 wa umri wa namna hiyo wasiokuwa na mzigo huo. Kila mmoja alifanyiwa mkononi kidonda kidogo cha milimita 3.5, vyote sawasawa, kwa chombo kimoja. Vidonda vya wale wasio na mzigo vilipona kwa wastani wa siku 39.3, vya wauguzaji vikahitaji siku 48.7. Kisha mwaka 1998 wakachapisha habari za vidonda vidogo vya mdomoni kwa wanafunzi wa utabibu wa meno, mara moja wakiwa katika likizo na mara moja wakiwa wanakabili mtihani, na vile vya wakati wa mtihani vilichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 40. Ikiwa mtihani wa shule waweza kukichelewesha kidonda cha kijana aliyeshiba, anayelala penye kitanda na paa, msomaji na apime mwenyewe kiasi cha uzito unaobebwa na mtu asiyejua kama mwanawe yu hai.

Njia yenyewe yaeleweka pasipo fumbo. Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1915 namna hofu na ghadhabu zinavyoubadili mwili mzima kwa dakika chache: moyo huenda mbio, damu huacha tumbo na kukimbilia misuli, sukari humwagwa katika damu, ili mtu apate kupigana au kukimbia. Tezi ndogo zilizokaa juu ya mafigo ndizo zinazoipeleka amri hiyo mwilini, na miongoni mwa vitu zinavyovitoa ni homoni iitwayo kortisoli. Kwa saa moja ya hatari ni rehema. Lakini hatari isipokwisha, au ikiisha barabarani isiishe moyoni, kortisoli huendelea kumwagika, nayo huzizuia zile chembe za damu nyeupe ambazo ndizo za kwanza kufika kwenye jeraha kulisafisha na kuziita nyingine zije kujenga. Nimewaeleza wagonjwa wangu kwa mfano wanaoujua: kijiji ambacho wanaume wake wote wamepanda kulinda mlimani, usiku na mchana, mwezi baada ya mwezi, daraja lake likivunjika hapana wa kulitengeneza, ijapokuwa mbao zipo.

Na uchungu wenyewe hauna kipimo kimoja. Henry Beecher, daktari wa Kimarekani aliyewahudumia askari waliojeruhiwa huko Anzio, Italia, katika Vita Kuu ya Pili, aliandika mwaka 1946 kwamba takribani robo tatu ya wale wenye majeraha makubwa hawakutaka dawa ya kutuliza maumivu walipoulizwa. Aliona kwamba kwa askari yule jeraha lilikuwa tikiti ya kutoka motoni na kurudi nyumbani, ilhali kwa raia wa hospitalini jeraha la namna hiyo ni mwanzo wa balaa, kwa hiyo raia huumwa zaidi. Nilipoyasoma hayo niliwakumbuka wanawake wetu wanaokatwa mguu na jembe msimu wa kulima. Kidonda chao ni cha vidole viwili; lakini maana yake ni shamba lisilopaliliwa, ada ya shule isiyolipwa, mume anayeuliza maswali, na kutegemea jirani ambaye naye hana. Mtu wa namna hiyo akilia mno wakati wa kufungwa, asiambiwe kwamba kidonda ni kidogo. Kidonda chake ni kikubwa kwa kadiri ya maisha yake yanayokizunguka.

Hapa nina jambo linaloniuma, nami nitalisema wazi. Katika mahali pamoja nilipofanya kazi ilikuwa desturi kumpima mtu mwenye kifua kinachombana, kumkuta hana malaria wala homa ya mapafu, kisha kumwambia, “Wewe huna ugonjwa, ni mawazo tu,” na kumwita anayefuata. Namkumbuka mzee mmoja aliyetembea kutoka milimani, akavua kofia mbele ya kijana wa umri wa mjukuu wake, akayasikia maneno hayo, akavaa kofia yake na kuondoka bila kuaga, ingawa kwetu mzee wa namna hiyo hakosi kuaga hata mahali alipotukanwa. Katika neno lile moja alinyang'anywa vitu viwili: maumivu yake yaliitwa uongo, na akaambiwa kwamba mtungaji wa uongo huo ni yeye. Wahka unaokaza misuli ya kifua hukaza misuli ya kweli. Tumbo lililonyimwa damu kwa hofu ya mwaka mzima huuma kwa uchungu wa kweli, na presha inayopanda kila usiku huharibu mishipa ya kweli. Kumwambia mtu kwamba chanzo cha maradhi yake ni jitimai kungekuwa mwanzo wa tiba, lau tungesema pamoja na kumketisha. Kulisema ili kumwondoa mlangoni ni kumwongezea hilo lililomleta.

Kuna na upande wa pili, ambao nauogopa vilevile. Wapo watu wanaozunguka na maombi ya kulipiwa na chupa za majani, wanaowaambia wagonjwa kwamba mwenye imani hamezi vidonge, na kwamba asiyepona amekosa imani. Mimi ni mtu wa sala, na nimeona sala ikimtuliza mgonjwa hata mshipa wake ukashuka chini ya kidole changu. Lakini kipindupindu, ambacho katika ukanda wa ziwa letu hakipotei kwa muda mrefu pasipo kurudi, hakimngoji mtu atulie. Mgonjwa wa kipindupindu hufa kwa kuishiwa maji na chumvi, aweza kufa kabla jua halijatua, na dawa yake ni kuyarudisha maji hayo na chumvi hizo kwa kinywa au kwa mshipa, tena upesi. Mwenye presha aendelee na vidonge vyake, na mwenye virusi vya ukimwi asikatize dawa hata siku moja kwa sababu ametabiriwa kwamba amepona. Moyo uliotulia huusaidia mwili kuitumia dawa. Hauji kuketi mahali pa dawa. Na aliyekufa baada ya kusali na kutumaini hakufa kwa kuwa alitumaini kidogo.

Kwetu mtu akifiwa halali peke yake. Wanaume hukoka moto nje na kukesha, wanawake hulala juu ya mikeka pamoja na mfiwa, majirani hupika, na kwa siku za matanga hakuna anayemwachia kazi ya kuamua lolote, hata la kula. Sasa wako watu wengi katika Fizi waliofiwa njiani, ambao waliwaacha maiti wao porini au waliwaona wakizama, wakaendelea kukimbia na watoto migongoni, na matanga hayakukaliwa kamwe. Nimewaona wakija na maumivu ya tumbo yasiyokoma. Mmoja wao, mwanamke wa makamo, alipita kwetu kwa muda mrefu, akapewa kila dawa ya tumbo tuliyokuwa nayo, mpaka ndugu zake waliporudi kutoka Tanzania wakakaa matanga ya mumewe pasipo maiti, miaka baada ya kufa kwake, kwa moto na mikeka na chakula cha majirani. Hakurudi tena kwa maumivu yale; alirudi baadaye kwa malaria, na nilipomwuliza habari za tumbo akasema limetulia.

Elimu ya sasa imefika mahali pale pale kwa njia ndefu. Mwaka 2013 Judith Bass wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walichapisha katika New England Journal of Medicine utafiti uliofanywa katika vijiji vya Kivu, Kusini na Kaskazini, kwa wanawake waliopitia udhalimu wa kubakwa au kuushuhudia. Katika vijiji 7 wanawake 157 walikutana kwa vikundi, wakiongozwa na wasaidizi wa Kikongo ambao si madaktari. Katika vijiji 8 wanawake 248 walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mafunzo yote yalirahisishwa ili yashikwe kwa moyo. Walijifunza kuishika fikira iliyowatafuna, aghalabu ile isemayo kwamba kosa lilikuwa lao, na kuichunguza mbele ya wenzao mpaka ikaonekana ilivyo. Miezi sita baada ya mafunzo, waliobaki na dalili za majonzi mazito au wahka mkubwa walikuwa asilimia 9 katika vikundi, na asilimia 42 kwa wale wengine. Sijui dawa ya kabatini iliyo na tofauti ya namna hiyo kwa maradhi hayo.

Wanawake wa kwetu hawakungoja utafiti ili wajue nguvu ya kusema mbele ya watu. Februari 2011 mahakama ya kijeshi ilihamia Baraka, ikawasikiliza wanawake waliobakwa mjini Fizi siku ya mwaka mpya, na luteni kanali wa jeshi akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Wako waliosema kwamba kesi ile ni jambo la sheria, halihusu tiba. Daktari Denis Mukwege, aliyeanzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu mwaka 1999 na kupewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018, hakuona hivyo. Hospitali yake huwapa wanawake tiba ya mwili, msaada wa nafsi, mwanasheria, na njia ya kujipatia riziki, vyote kwa pamoja. Mwanamke aliyeshonwa vizuri na kurudishwa katika nyumba asiyokaribishwa, bila shamba na bila haki, amerudishwa mahali palipomjeruhi.

Nimebakiza habari za wauguzaji, wale jamaa wanaolala sakafuni chini ya kitanda cha mgonjwa, wanaomfulia, wanaompikia uani juu ya mafiga matatu, wanaomshika tunapomsafisha. Wale wanawake 13 wa Ohio ambao vidonda vyao vilichelewa hawakuwa wagonjwa, walikuwa wauguzaji. Jambo hili lilinigusa nilipolisoma, kwa maana nilimkumbuka dada wa yule mama wa mawese, ambaye alijikata kidole akimenya muhogo siku za mwanzo wa kuuguza, na kidole hicho nilikuwa nikikifunga kila nilipoufunga mguu wa dada yake, wala hakuna aliyekifikiri kwa kuwa si yeye aliyeandikwa kwenye kadi. Kidole kile kilifumba baada ya ndugu wengine kuja kumpokea zamu, akapata kulala nyumbani.

Tangu hapo niliwaomba wenzangu mambo machache ambayo hayagharimu fedha: muuguzaji aandikwe jina lake kwenye kadi pamoja na mgonjwa, aulizwe naye umelalaje na umekula nini, jamaa waitwe na kupangiwa zamu, na asiachiwe binti mmoja, aghalabu yule asiyeolewa, kubeba usiku wote wa ukoo. Wengine walikubali, wengine waliona ninawaongezea kazi katika chumba kisichokuwa na glavu za kutosha, na sikuweza kuwalaumu. Kwa upande wangu niliendelea kuandika majina yale, na muuguzaji alipopita mbele yangu kwenda kuteka maji, nilimwambia aweke ndoo chini, anipe mkono.